Manjano ya uani kwa bibi

Januari iliyopita nilikwenda Kizimbani, Unguja, kumsalimu bibi yangu, nikamkuta uani akichimbua manjano aliyoyapanda mwanzoni mwa masika. Mmea huu wa jamii ya tangawizi hukaa ardhini miezi 8 hadi 10, na majani yake yakishakauka ujue vidole vyake vimekomaa. Alivunja kimoja mbele yangu: nje kilikuwa na rangi ya udongo, ndani kina rangi ya chungwa lililoiva.

Kwa bibi, unga wa manjano haununuliwi. Vidole huchemshwa vikalainika, vikakatwa vipande vyembamba na kuanikwa jamvini mpaka vikauke kabisa, ndipo hutwangwa kinuni na kuchungwa. Katika mchuzi wa samaki wa nazi huutia mapema, pamoja na kitunguu na thomu, kwa kuwa manjano yasiyoiva huacha ladha ya udongo mdomoni.

Kinachonivutia zaidi ni rangi yake. Ukindu wa kusukia mikeka huchemshwa pamoja na manjano yaliyopondwa, kisha huanikwa kivulini, wala si juani, kwa sababu jua huila rangi hiyo upesi. Ndiyo maana mkeka wa namna hii hutandikwa ndani. Udhaifu huohuo huwafaa wafuaji. Tone la mchuzi likidondokea kanzu nyeupe, ukalisugua kwa sabuni, doa hugeuka jekundu kama damu, maana manjano hubadilika rangi yanapokutana na sabuni au magadi. Bibi hahangaiki nalo: huisuuza kanzu, akaianika penye jua kali, na doa hufifia lenyewe.

Kwa kikohozi hutunywesha maziwa ya moto yenye manjano na pilipili manga kidogo. Pilipili hiyo ina kazi yake, kwani utafiti uliochapishwa mwaka 1998 ulionesha kuwa kiini chake huusaidia mwili kufyonza kurukumini, kiini cha manjano, ambacho kikiwa peke yake hufyonzwa kidogo mno.

Kwenye vidonda, hata hivyo, mimi na bibi tulitofautiana kwa muda mrefu. Mpwa wangu alijikata unyayo kwa jembe, akapakwa manjano kabla jeraha halijaoshwa, na siku ya tatu mguu ulikuwa umevimba hadi kifundoni, ikabidi tumkimbize kituo cha afya. Siku hizi bibi mwenyewe ndiye wa kwanza kuitisha maji safi na sabuni.