Siku moja ya kocha wa kujitolea Jambiani, siku ya bamvua

Saa 11:30 alfajiri

Daftari la kwanza kufunguliwa ni la maji, la mazoezi baadaye. Leo mwezi mpevu, ni bamvua, maji hujaa sana na kukupwa sana. Bahari itakupwa kabisa kama saa 4 na robo asubuhi, kisha ijae tena mpaka juu kama saa 10 na nusu, wakati uleule watoto wanapotoka kuswali alasiri na hamu yao ya mpira. Kwa hiyo leo ufukwe ni wetu asubuhi tu. Alasiri tunahamia kiwanja cha juu, kwenye mawe. Kila siku maji huchelewa kama dakika 50, na wiki moja mbele, maji mafu yakifika, hesabu inageuka: alasiri ndipo yanapokupwa, ingawa hayaendi mbali na mchanga unakuwa mwembamba.

Nimevuka kutoka Mombasa kuja kusaidia hapa Jambiani, Zanzibar, kwa miezi 3. Kocha mgeni akikwama, mara nyingi hukwama hapa: amekuja na ratiba iliyoandikwa kwao, haina maji, haina chuo cha Kurani, haina sala ya magharibi.

Saa 12:30

Mipira. Tunayo 14, mingi ni saizi 4, ya mzingo wa sentimita 63.5 hadi 66, ndiyo inayowafaa watoto wa miaka 8 hadi 12. Saizi 5 kwa mtoto wa miaka 9 aliye peku inamfundisha kupiga kwa ncha ya kidole, na tabia hiyo ikishakaa ni ngumu kuitoa.

Sindano ya pampu inalowanishwa kwanza, kwa mate au tone la gliserini, ndipo iingizwe ikiwa wima. Ikiingia kavu au kwa upande huchana mdomo wa valvu, na pale hapazibiki. Mafuta ya kula tunayakataa kabisa, maana yanalainisha raba mpaka inaoza. Sheria za soka zinataka upepo wa 0.6 hadi 1.1 kwa kipimo cha angahewa. Sisi tunakaa chini, karibu na 0.6, kwa sababu wengi wanacheza peku. Asiye na kipimo abonyeze kwa vidole gumba viwili: ukibonyea kama sentimita 1, umetosha. Tena liko jua. Mpira uliojazwa kwa nguvu asubuhi ukiachwa juu ya mchanga wa moto, upepo wa ndani unatanuka na mishono inafumuka.

Unaovuja unazamishwa kwenye ndoo. Viputo vikitoka kwenye mshono, unakwenda kwa fundi baskeli: anafungua mshono kama sentimita 5, anatoa kibofu, anakikwaruza kwa msasa, anatia gundi na kiraka, anashona upya. Vikitoka kwenye valvu, tunajaribu tone 2 za gliserini na kuuacha usiku kucha.

Saa 2:15 asubuhi, pwani

Hawa ni wadogo wa mkondo wa mchana skuli, 16 hivi. Maji yanaendelea kutoka. Mchanga uliolowa na kushikana ndio uwanja wetu, mpira unaviringika na unarudi mguuni. Ule mkavu wa juu, karibu na minazi, mpira haupiti; pale tunaweka kuruka, kutua kwa magoti yaliyokunjwa, na kuanguka kwa kubingiria begani. Kuanguka lazima wajifunze hapa, kwani kule juu kwenye mawe hakuna anayethubutu kujaribu.

Kisha 4 kwa 4, viwanja 2, kila kimoja hatua 25 kwa 18, bila kipa, magoli ya hatua 2. Koni ni chupa za lita 1.5 zilizotiwa mchanga nusu, kizibo kimefungwa. Wote peku au wote na viatu vya raba. Tukichanganya, anayeumia ni yule aliye peku, na kesho haji.

Dakika 45 zinatosha, mchanga unachosha ndama za miguu haraka. Mpaka wetu ni vijiti vya mashamba ya mwani. Saa 3 na nusu kina mama wameshashuka kwenye mashamba yao, na mpira ukiruka kamba haufuatwi mbio; tunapiga hodi, mtoto mmoja anatembea kando ya mistari kuuleta. Kamba ikikatika, mwani unachukuliwa na maji na kazi ya wiki imepotea.

Saa 4 hadi saa 7

Mipira inaoshwa kwa maji baridi ya bomba, maana chumvi inakula uzi. Inakaushwa kivulini.

Halafu shughuli za watu. Mgeni yeyote anapofika huanzia kwa sheha, kiongozi wa shehia (mtaa), pamoja na kocha mwenyeji, kabla hajapuliza filimbi hata mara moja. Karatasi nazo ziwe sawa: kibali cha ukaazi cha wanaojitolea ni cha daraja C, na viza ya utalii haitoshi hata kama hulipwi senti. Nyumba kwa nyumba tunapeleka fomu ya mzazi: ugonjwa wowote wa mtoto, namba ya kupiga, na ruhusa ya picha, ndiyo au hapana. Wakisema hapana, hakuna picha.

La viatu linaniuma, na nalisema wazi. Wageni huja na sanduku la njumu za saizi 42, na miguu yetu ni 33 hadi 38. Wengine huzigawa mkono kwa mkono, watano wapate, ishirini watazame. Leteni mipira saizi 4, bipsi (vizibao vya kutofautisha timu) za rangi mbili na sindano za pampu 20. Viatu viingie sanduku la timu, viazimwe na kurudishwa.

Saa 10:15 alasiri, kiwanja cha juu

Kwanza kufagia. Watoto 24 wanajipanga mstari mmoja, mkono kwa mkono, wanatembea uwanja mzima mara 2 wakiokota mawe, vigae na miba. Dakika 6. Mistari tunachora kwa majivu. Chokaa inachoma ngozi yenye jasho, na ikiingia jichoni ni hatari. Nguzo za goli ni za miti, zimezikwa sentimita 60. Goli la kuhamishika lisilofungwa chini hatulitumii, watoto huning'inia na likawaangukia.

Wakati huohuo wasichana wako ndani ya ua wa skuli na kocha mwanamke wa hapahapa, na mama mmoja wa mtaa amekaa nao. Pale barabarani kila mpita njia anasimama kutazama, nao wanaacha kukimbia. Mtandio unavaliwa wa kuvuta, usio na pini. Tangu 2014 sheria za soka zinaruhusu kufunika kichwa uwanjani, na mzazi mwenye wasiwasi akielezwa hilo mara nyingi hulegea.

Zoezi kuu: mraba wa hatua 12, wanne nje, mmoja kati. Sekunde 60, anabadilishwa. Sauti ni fupi: "mtu!", "geuka!", "nyanyua kichwa!". Likiharibika, sababu ni mbili. Mraba ni mdogo mno, mpira unapotea kila pasi ya pili. Ongeza hatua 2. Au wa nje wamesimama wima kama nguzo. Waambie kila baada ya pasi wasogee hatua 3. Foleni ndefu ndiyo adui mkubwa: wakisimama zaidi ya watatu nyuma ya koni moja, gawa kundi.

Kupiga mpira kwa kichwa hatufundishi chini ya miaka 12. Mwaka 2020 vyama vya soka vya England, Scotland na Ireland ya Kaskazini viliondoa mazoezi ya kichwa kwa watoto wa skuli za msingi, kwa hofu ya madhara ya ubongo.

Kidole kimegonga jiwe, kama kawaida. Maji safi na sabuni, dakika 5 nzima, punje zote zitoke, ndipo dawa ya aidini na bendeji. Punje ya tumbawe ikibaki ndani, kidonda kinatunga usaha.

Saa 11:50

Filimbi ya mwisho, hata kama goli linakaribia. Wanahitaji muda wa kufika nyumbani na kutawadha kabla ya adhana ya magharibi. Tukichelewesha mara mbili, walimu wa chuo na wazazi watakuwa na haki ya kutukatalia.

Hesabu: mipira 14, bipsi 12, chupa 20.

Saa 2 usiku

Daftari la mahudhurio. Watatu hawakuja siku 2 mfululizo, kesho tutapita kwao. Kisha ujumbe kwa kocha mwenyeji: "Kesho maji yanakupwa karibu saa 5. Wadogo tuwaanze saa 3, wamalize mapema waoge waende skuli. Sindano imevunjika, imebaki moja."