Hryvnia 250 za kwenda kumuona Lobanovskyi

Naanza na hela kwa sababu ndiyo inayoniuma mpaka leo. Hryvnia 250, hela ya Ukraine, kama elfu ishirini ya kwetu kwa wakati ule, Oktoba 2018, kutoka stesheni ya treni ya Kyiv mpaka kwenye uwanja ambao wala sio niliokuwa naenda. Nilimwambia dereva vizuri kabisa, uwanja wa Dynamo, timu ya Kyiv, ule wenye jina la kocha wao Lobanovskyi, akaitikia "da, da", ndiyo ndiyo, huku anaongea na simu, akanishusha Olimpiyskiy, lile dude kubwa lililochezewa fainali ya Euro 2012 na ile ya Champions League ya 2018 hiyohiyo, Madrid na Liverpool. Mimi mshamba nikashuka nafurahi. Nikauzunguka ule uwanja karibu saa zima natafuta sanamu ya huyo Lobanovskyi, mzee aliyekaa kwenye benchi, baridi inanikata masikio, mpaka mlinzi mmoja akanionea huruma akaniambia kijana, unayemtafuta hakai hapa, yuko kwenye kiwanja chake cha zamani kule Hrushevskoho, tembea. Nikimtetea dereva kidogo, Dynamo mechi zao kubwa wakati ule walikuwa wanachezea hapo Olimpiyskiy kweli, lakini bei ile haina utetezi, ni umbali wa kama kilomita tatu tu jamani.

Sasa mtaniuliza mtoto wa Tanga anamtafutia nini kocha wa Kiukreni aliyekufa 2002. Nilikuwa nasoma udaktari mwaka wa tatu Zaporizhzhia, mji mwingine wa hukohuko Ukraine, na Zaporizhzhia ndiko yule mzee alikodondokea. Tarehe 7 Mei 2002 alikuwa pale na Dynamo wanacheza na Metalurh, timu ya hapo, akazidiwa mechi ikiendelea, wakamkimbiza hospitali, tarehe 13 akafariki. Lakini hilo nililijua baadaye. Jina lenyewe nililisikia nikiwa mdogo kutoka kwa marehemu mjomba, alikuwa Sharjah miaka ya tisini anauza spea za magari, na Lobanovskyi baada ya Kombe la Dunia la Italia alichukuliwa na Emirates kufundisha timu ya taifa, akawafikisha nafasi ya nne Kombe la Asia 1992, halafu akahamia Kuwait. Mjomba alikuwa anaenda uwanjani, na alichokuwa anatuhadithia sio mpira, ni jinsi huyo mzungu mnene alivyokuwa anakaa. Hasimami, hapigi kelele, hatupi chupa. Anakaa na kuyumba, mbele nyuma, mbele nyuma, kama mtu anayebembeleza mtoto. Mjomba alikuwa anamuigiza kwenye kiti cha uvivu pale barazani mpaka kiti kinalia.

Basi nikapanda treni ya usiku kwenda Kyiv. Kwa hela yangu ilikuwa ni platskart, behewa la wazi lisilo na milango, vitanda 54, mnalala mnanusiana soksi. Mimi nikapewa cha juu pembeni, jirani na choo, kila anayepita anakugonga miguu halafu anakuangalia kama wewe ndiye mwenye makosa. Joto la humo ndani usiulize, nje baridi ndani jikoni, na dirisha haifunguki.

Chini yangu alikuwa babu mmoja, miaka sabini na kitu, fundi lifti mstaafu, anaenda Kyiv kuangaliwa macho. Treni haijafika hata daraja la kwanza kashafungua mfuko, mayai ya kuchemsha, matango ya chumvi, mkate mweusi, na yale mafuta meupe ya nguruwe wanayokata vipande kama jibini. Ananikaribisha, mwanangu kula. Nikamwambia babu hayo siyali. Akadhani naona aibu, akanikatia kipande kikubwa zaidi. Nikasema mimi Muislamu, akanitazama, akakirudisha, akanisogezea mayai yote matano na matango, akaagiza chai mbili kwa yule mama mhudumu wa behewa, zile za kwenye glasi yenye kishikio cha chuma, kisha akasema na mimi kwa mara ya kwanza maishani nakula na mtu wa Afrika, haya niambie, unaenda kufanya nini Kyiv. Nikamwambia naenda kumuona Lobanovskyi.

Babu aliacha kumenya yai.

Kirusi changu kilikuwa cha wodini, yaani najua kuuliza inauma wapi na imeanza lini, zaidi ya hapo nabahatisha, lakini usiku ule nilielewa karibu kila kitu maana babu alikuwa anaongea polepole na kwa mikono. Alimuona Lobanovskyi akiwa bado mchezaji, winga wa kushoto, mrefu, nywele nyekundu, anapiga kona mpira unapinda unaingia golini wenyewe, watu wanakuja uwanjani kusubiri kona tu. Akiwa Dynamo iliyochukua ubingwa wa Sovieti 1961, mara ya kwanza kombe kutoka nje ya Moscow. Na alisomea uinjinia, sio mtu wa mpira peke yake, ndiyo maana alipokuwa kocha akamchukua mwanasayansi, Zelentsov, wakawa wanapima kila mchezaji amekimbia kiasi gani, amegusa mpira mara ngapi, amekosea mara ngapi, miaka ya sabini hiyo, na kompyuta zenyewe zinajaza chumba. Wachezaji walitapika kwa mazoezi. 1976 waligoma, wakamkataa kabisa, na bado alibaki.

Halafu akanihadithia Lyon. Hapa naomba msinikimbize.

Fainali ya Kombe la Washindi la Ulaya ilikuwa huko Lyon, Ufaransa, tarehe 2 Mei 1986, Dynamo na Atlético Madrid. Kinu cha nyuklia cha Chernobyl kililipuka 26 Aprili, siku sita kabla, na kutoka pale mpaka Kyiv ni kama kilomita mia moja. Babu anasema kwenye taarifa ya habari walisikia maneno machache tu, ajali, hatua zinachukuliwa, basi. Mei Mosi wakaandamana mjini Kyiv kama kila mwaka, yeye na mke wake na binti yao wa miaka minne kabebwa mabegani na bendera yake ya karatasi. Kesho yake usiku wakakusanyika kwa jirani mwenye tivii nzuri, watu kumi na kitu chumba kimoja, joto, wakafungua madirisha yote. Zavarov akafunga mapema. Halafu wakabanwa wakabanwa, mpaka mwishoni likaja la pili, na babu alilichora kwa kidole kwenye ule mvuke wa dirisha la treni: Rats kampa Belanov, Belanov kampa Yevtushenko, Yevtushenko hata hajaangalia kampa Blokhin kule kulia, kila mtu anasukuma pembeni kwa aliye huru, kama watu wanaopokezana ndoo za maji moto unawaka. Blokhin kamchopia kipa. Yevtushenko la tatu. Babu anasema walipiga kelele wakining'inia madirishani, ghorofa nzima, mtaa mzima, watu wanaimbiana dirisha kwa dirisha mpaka usiku wa manane.

"Baada ya siku chache ndiyo wakatuambia tufunge madirisha," akasema.

Akafuta ule mchoro kwa mkono wa sweta, akalala. Mimi nikapanda kitanda changu cha chooni, sikupata usingizi, na sio kwa sababu ya kugongwa miguu.

Asubuhi tukaagana stesheni, ndiyo nikakutana na yule dereva, mengine mnayajua.

Nilitembea kutoka Olimpiyskiy mpaka Khreshchatyk, mtaa mkuu wa mjini, nikapandisha Hrushevskoho, barabara ileile ambayo kwenye maandamano ya Januari 2014 matairi yalikuwa yanawaka mbele ya nguzo za huo uwanja, sasa pametulia kabisa mama mmoja anasukuma kigari cha mtoto. Uwanja wenyewe mdogo, haufiki watu elfu kumi na saba, miti imeuzunguka majani ya njano yamejaa chini. Na mzee yupo hapo langoni. Wa shaba, kwenye benchi, chini yake mpira mkubwa. Hayumbi, ndicho kitu cha kwanza nilichokiona, nikajikuta nacheka peke yangu kama chizi.

Nikasimama pale nikiwaza timu yangu ya Kariakoo, nisiyoitaja. 1984 Lobanovskyi alirudi Dynamo, wakamaliza ligi nafasi ya kumi. Ya kumi! Kwetu kocha akitoa sare mbili simu za redioni zinawaka, ya tatu tunaambiwa "wamekubaliana kuachana", ya nne yuko airport. Huyu hawakumfukuza, 1985 kachukua ligi na kombe, 1986 Lyon, Belanov akapewa mpira wa dhahabu wa Ulaya kama Blokhin 1975. Sijui nani alikuwa na moyo wa kusubiri vile. Labda walimuogopa tu. Na Shevchenko, aliyewapiga Barcelona matatu palepale kwao 1997 chini ya huyuhuyu mzee, alipochukua Champions League na Milan 2003 alileta medali yake mpaka kaburini kwa mzee, makaburi ya Baikove. Mimi Baikove sikufika, muda ulikuwa umeliwa na dereva.

Nikapiga picha, nikamtumia mke wa marehemu mjomba Tanga, nikamuandikia huyu ndiye yule wa kwenye kiti cha uvivu. Akanirudishia voisi: "Nimemuona mwanangu, Mungu amrehemu mjomba wako. Sasa na hicho kijaketi mbona chepesi, huko si baridi? Na kula unakula?"

Kurudi stesheni nikashuka chini nikapanda metro. Hryvnia 8. Nane!