Zari ya fedha

Nashona sare hapa Mombasa: za bendi za shule, za mabawabu, na majoho ya maharusi msimu ukifika. Watu hawagombani nami juu ya kitambaa wala kipimo. Ugomvi ni zari, ule utepe wa nyuzi za dhahabu au fedha. Juzi kijana wa kampuni moja ya ulinzi alitaka zari ya dhahabu mabegani mwa kila askari, hadi yule wa kufungua geti. Nikamwuliza, "Mkubwa wao sasa tutamvisha nini?" Akacheka. "Mtie mbili, fundi."

Nikamhadithia Honourable Artillery Company ya London, kikosi cha kujitolea kilichopewa hati na Mfalme Henry VIII mwaka 1537 ili watu wajizoeze kulenga shabaha kwa pinde na bunduki. Uingereza ya siku hizo sheria ndiyo iliyosema nani avae kitambaa gani, kwa cheo chake. Hati ile ikawafungulia wakuu wa kikosi mahameli, atlasi na hariri, rangi yoyote waitakayo isipokuwa zambarau na nyekundu ya kifalme. Wapwani hatuwezi kushangaa. Hapa kwetu zamani mtumwa hakuvaa kofia, na joho lilikuwa vazi la wakubwa.

Hati ina jambo jingine lililonipendeza zaidi. Mwanachama akipiga kelele "Fast!" kabla ya kufyatua, kisha kwa bahati mbaya akampata mpita njia, hashitakiwi. Kijana aliposikia hivyo alitaka neno hilo liandikwe kwenye mkataba wake na wateja. Nikamwambia amwone wakili, mie fundi cherehani.

Lakini nilikuwa nataka kumfikisha mwaka 1830. Mfalme William IV aliamuru kikosi hicho kivae mfano wa Grenadier Guards, walinzi wa mfalme wenyewe: koti jekundu, kofia refu la manyoya ya dubu. Tofauti ni moja. Palipo na dhahabu kwa Grenadier, hawa watie fedha. Mtu wa mbali haoni kitu. Afisa akikaribia, anajua aliyesimama mbele yake ni askari wa mshahara au raia aliyejitolea. Nami nasema aliyeamua hivyo alikuwa na jicho la fundi, maana fedha juu ya nyekundu haipigi makelele. Mwaka 1906 Edward VII akawaongezea utepe wao peke yao wa medali ya utumishi, kwa rangi zake za mashindano ya farasi: nyekundu, buluu na njano.

Kijana hakuridhika. "Hayo ya Wazungu huko kwao."

Hata hapa yalifika. Mwaka 1933 iliundwa hapa Mombasa Kenya Royal Naval Volunteer Reserve, jeshi la wanamaji la akiba, la watu wa kujitolea. Maafisa wa akiba hiyo ya Kiingereza walivaa dhahabu ileile ya wanamaji wa kudumu, ila mstari wa mkono wa koti haukunyooka, ulikwenda kwa mawimbi. Wa meli za biashara walio kwenye akiba walikuwa na mistari iliyosukwa. Ukiona mkono tu, umejua mtu katoka wapi. Mwaka 1951 wakainyoosha yote, ikabaki herufi R ndani ya kitanzi.

Mtu wa ofisini ataona wamerahisisha tu. Fundi ndiye ajuaye walichokiokoa. Ukanda wa zari ukiupinda, upande wa ndani unajikunja na wa nje unakaza. Lazima uukusanye kwa uzi mwembamba, uupige pasi ya mvuke, ndipo uushone pole pole kwa mkono. Mkono wa kushoto na wa kulia mawimbi yalingane. Kijana aliniuliza bei ya kazi kama hiyo. Nilipomtajia, akachagua fedha, mstari mmoja, ulionyooka, na wa getini akabaki na kifungo.