Nilivyomfanya waziri wa polisi kuwa bwana nyati

Ushauri wa kwanza niliopewa ulikuwa wa ovyo, na aliyenipa ni mhariri wa miaka mingi: "Viache vyeo kama vilivyo, msomaji atagugo mwenyewe." Hivi wewe ukisoma kitabu kitandani usiku, unaamka kwenda kugugo?

Kazi yenyewe ilikuwa kukinyoosha kitabu cha Mwingereza kuhusu siasa za kwao ili Wamarekani wakielewe. Mimi ni Mtanzania, naishi Minnesota. Malipo yalikuwa dola mia tano na ushei, nikajiona nimeula.

Nikaanza na "Home Secretary". Huyo kwetu si mgeni, ni Waziri wa Mambo ya Ndani: polisi, uhamiaji, usalama. Basi kichwani nikampitisha kwenye Kiswahili, nikamrudisha Kiingereza, akatoka "Interior Secretary". Kila alipotokea nikambadilisha, kurasa arobaini hivi, huku napiga mluzi. Jioni nikampelekea sura moja jirani yangu, dereva wa malori mstaafu, Mmarekani asiyejua London iko upande gani. Akasoma kimya. Akavua miwani. "Jirani, huyu mtu wa hifadhi za taifa anakamataje magaidi?"

Nikabaki mdomo wazi. Kumbe Marekani wizara yenye jina hilo, iliyoundwa 1849, ndiyo inayoshika ardhi ya serikali na hifadhi kama Yellowstone. Nilikuwa nimemvua waziri wa watu polisi wake wote nikamkabidhi nyati. Nikafuta kurasa zote arobaini, na safari hii sikupiga mluzi.

Hapo ndipo nilipoacha kuwatafutia pacha. Cheo kikitokea mara ya kwanza nakiacha na jina lake, nakibandika kazi yake kwa maneno machache: "waziri anayesimamia polisi na uhamiaji". Baada ya hapo cheo kinatembea chenyewe. "Chancellor of the Exchequer", ambaye jirani alidhani ni mkuu wa chuo kikuu, akawa waziri wa fedha. Ile "Exchequer" inatokana na kitambaa cha miraba, kama bodi ya drafti, walichohesabia fedha zamani. Niliiandikia aya nzima, mteja akaikata. Roho iliniuma.

Aliyenitoa jasho ni "Permanent Secretary". Sisi tunamjua, ni Katibu Mkuu wa wizara. Lakini kwa Mmarekani "Secretary" ndiye waziri mwenyewe, kwa hiyo ukimwongezea "Permanent" anaona waziri wa maisha, dikteta kabisa. Nikaandika: mtumishi wa umma wa juu kabisa wizarani, ambaye mawaziri huja na kuondoka yeye yupo. "Chief Whip", yaani mnadhimu mkuu wa chama bungeni, sikumgusa: Bunge la Marekani lina wanadhimu wa kwake.

"Lord Privy Seal" alinishinda. Huko Marekani "privy" ni choo cha nje, na "seal" ni mnyama wa baharini. Nikalifuta jina nikaacha kazi tu ambayo siku hizi kwa kawaida huenda nalo: kiongozi wa Baraza la Malodi, lile baraza la juu la Bunge la Uingereza. Cheo pekee ambacho jirani alikielewa bila msaada ni cha Larry, paka wa Downing Street, kwenye makazi ya Waziri Mkuu wa Uingereza, Mkamata Panya Mkuu tangu 2011.

Mteja alirudisha kazi na swali moja tu pembeni: "Yule Lord Privy Seal yuko wapi? Nilikuwa namsubiri."