Nilivyopona homa ya ini C, na kwa nini kipimo bado kinanikamata

Mkwe wangu alipopangiwa upasuaji, ndugu tuliambiwa tukachangie damu. Nikatoa, nikapewa soda, nikarudi kwenye cherehani yangu. Baadaye ikaja simu: "Mama, tunaomba ufike tuzungumze." Damu ya kuchangia hupimwa virusi vya Ukimwi, kaswende, homa ya ini B na homa ya ini C. Yangu ilikwama kwenye hiyo C.

Daktari aliniuliza kama nimewahi kuongezewa damu. Ndiyo, mwaka 1987, nilipomwaga sana damu baada ya kujifungua. Kirusi chenyewe kilitambuliwa mwaka 1989, na vipimo vya kuchuja damu vilikuja baada ya hapo. Kwa hiyo aliyenitolea hakujua, na muuguzi aliyenitundikia chupa hakuwa na namna ya kujua. Akauliza pia kuhusu chale. Nikacheka. Utotoni tulichanjwa ua mzima kwa wembe mmoja! Basi chanzo hasa hatukukipata, na sikuhangaika nacho tena.

Jambo ambalo ningependa kila mtu alielewe ni hili: kipimo kile cha kwanza hutafuta kingamwili tu. Kinasema mwili umewahi kupambana na kirusi, hakisemi kama bado kimo. Takriban watu 30 katika kila 100 wanaoambukizwa hukiondoa wenyewe ndani ya miezi sita, bila dawa. Kwa hiyo ni lazima kipimo cha pili, kinachotafuta kirusi chenyewe kwenye damu. Nawajua watu walioishia kwenye kile cha kwanza, wakaenda kununua chupa za "kusafisha ini" sokoni. Mimi nilisubiri majibu ya pili. Kirusi kilikuwemo.

Mama mkwe alinifunua macho akakuta meupe, si ya manjano, akasema hospitali wamekosea. Lakini ini hunyamaza miaka mingi. Nilikuwa na uchovu wa kusinzia mchana juu ya kitambaa, vidole vya asubuhi visivyoshika sindano, na vidoa vya zambarau kwenye miguu chini ya magoti. Vidoa hivyo nilikuwa nikipakwa dawa ya mzio. Daktari akavibonyeza kwa kidole, havikufifia. Akaniambia hiyo ni damu iliyovuja chini ya ngozi: homa ya ini C inaweza kuufanya mwili utengeneze protini zinazogandamana na kuumiza mishipa midogo, na figo nazo zisisalimike. Hata sukari yangu iliyoanza kupanda inaweza kuwa na uhusiano nayo.

Kipimo cha ugumu wa ini kilionyesha kilopaskali 11: makovu tayari yalikuwepo. Kuanzia 12.5 hivi ndipo madaktari huanza kusema sirosisi, yaani ini limejaa makovu. Likifika huko, damu hukosa njia ya kupita, ikarudi nyuma: bandama huvimba, tumbo hujaa maji, na mishipa ya njia ya chakula ikipasuka mtu hutapika damu. Saratani ya ini nayo hufuata njia hiyohiyo.

Dawa yangu ilikuwa sofosbuvir na velpatasvir, kidonge kimoja kwa siku kwa wiki 12. Sofosbuvir ilipotoka mwaka 2013, kidonge kimoja kiliuzwa Marekani kwa dola 1,000. Yangu ilitengenezwa India, na ingawa bei yake haikuwa hata karibu na hiyo, tulichangishana kama harusi. Zamani wagonjwa walichomwa sindano za interferon hadi mwaka mzima, homa na unyonge juu yake, na wengi hawakupona. Sasa hupona zaidi ya 95 kati ya 100. Mimi nilipata maumivu ya kichwa tu. Kabla ya kuanza nilipimwa homa ya ini B, kwa kuwa inaweza kuamka C inapoondoka, na nikaachishwa omeprazole niliyozoea kuinunua kwa ajili ya kiungulia, maana inapunguza nguvu ya velpatasvir.

Nyumbani, wifi alinitengea kikombe. Nikamwambia, "Wifi, hii inapita kwenye damu, si kwenye chai." Kilichotengwa kweli ni wembe, mswaki na kikata kucha. Mume na watoto wote walipimwa, hawana.

Wiki 12 baada ya kumaliza dawa nilipimwa tena, kirusi hakikuonekana. Hapo ndipo husemwa umepona. Vidoa vimeondoka, vidole vinashika sindano tena, sukari bado naimezea dawa. Kwa sababu ya makovu yale napigwa ultrasaundi ya ini kila miezi sita. Na kupona hakunikingi: nikikutana na kirusi kipya naambukizwa upya, na chanjo ya C haipo.

Kingamwili nazo hubaki. Juzi nilikwenda kung'olewa jino, wakanipima kwanza, mistari miwili ikatokea, na binti wa maabara akaanza kuniita pembeni kwa sauti ya huruma. Nikamfungulia simu, nikamwonyesha picha ya majibu ya kirusi yenye tarehe na muhuri. Akasoma mara mbili, akaenda kumwita mkubwa wake, na jino likang'olewa siku hiyohiyo.