Mwalimu amelia hapa

Mvua imenikuta leo barabara ya Oginga Odinga, Kisumu. Nikajibanza chini ya turubai la muuza vitabu vya mitumba.

Kuinama hivi, nikaiona Siku Njema, riwaya ya Ken Walibora. Jalada limechanika, kurasa zimevimba kwa unyevu.

"Chukua na mia na hamsini, madam."

Sikubishana hata. (Mimi! Ninayebishania sukuma ya kumi!)

Mie mzaliwa wa Kitale. Kongowea, mhusika mkuu, alipotoka Tanga hadi kwetu kumtafuta babake, nilihisi mji wetu umeingia kitabuni. Ndugu yangu na filamu zake za mabomu haelewi hilo.

Sasa niko kwa matatu, nimefika pale mamake Kongowea anapofariki. Pambizoni, mwanafunzi fulani ameandika kwa penseli:

"Mwalimu amelia hapa."

Penseli imefifia, lakini "amelia" limepigiwa mistari miwili.

Nimeshindwa kufungua ukurasa unaofuata. Namuwaza tu huyo mwalimu, chaki mkononi, darasa zima kimya.

Wewe je, kitabu au filamu gani ilikuliza mbele za watu? Mkweli aanze.