Kazi yangu ya hesabu za hoteli Dubai

Ndugu zangu wa Mwanza, nipo nyumbani likizo na swali ni lile lile: "Huko Dubai unafanya nini hasa?" Wengi wanadhani mtu wa hesabu hotelini kazi yake ni kuhesabu fedha za mapokezi. Hiyo ni sehemu ndogo sana.

Ninapopapenda ni mlango wa nyuma, mzigo unapopokelewa. Samaki wakifika, barafu inatolewa kwanza ndipo wapimwe, maana barafu ikipanda mzani nayo inalipiwa bei ya samaki. (Wa soko la samaki la Mwaloni mnanielewa.) Kisha karatasi tatu zinalinganishwa: oda, hati ya kupokelea mzigo na ankara ya muuzaji. Zikipishana hata kilo moja, malipo yanasimama. Aliyeagiza hapokei, aliyepokea halipi. Watu huona ni kutoaminiana. Mimi naona utaratibu huo unamlinda mtunza stoo mwaminifu kuliko mtu yeyote, kwa sababu upotevu ukitokea hasingiziwi.

Usiku mkaguzi anafunga hesabu za siku: bei ya kila chumba, kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ya asilimia 5, ada ya utalii.

Wadogo zangu mnaosoma uhasibu chuo kikuu cha SAUT, mkienda mafunzo kwa vitendo kwenye hoteli zetu, msikimbilie ofisi yenye kiyoyozi. Ombeni mpangiwe stoo. Huko ndiko fedha ya hoteli inakovujia, na kwenye usaili wa kazi ya nje ya nchi hayo ndiyo niliyoulizwa. Nipo Kirumba hadi mwisho wa mwezi; mwenye maswali aje tukae tuongee.